Nani kalifuta kovu la shangazi?

Wale mliozoea kufungua ukurasa huu kutafuta mitindo ya nywele na nani kavaa nini kwenye harusi ya nani, leo mniwie radhi. Leo nina kisa cha nyumbani kwetu Tabata, na mkosaji ni mimi mwenyewe.

Shangazi yangu, dada wa baba, alifariki mwaka 2023. Mama huyu alikuwa mkaanga samaki pale soko la Feri, Magogoni. Anayelijua soko lile hahitaji maelezo. Mashua zinashusha alfajiri, mnada unapigwa, watu wanasukumana, na upande wa wakaangaji moshi unakutoa machozi hata kama hujafiwa. Shangazi alisimama mbele ya karai la mafuta kwa zaidi ya miaka 20. Vibua na changu wake ndio walionisomesha sekondari, na ndiyo maana leo naweza kuwaletea porojo zangu hapa.

Siku moja, mimi nikiwa darasa la sita, karai liliyumba. Mafuta ya moto yakamrukia usoni. Alilazwa wiki tatu. Alipotoka alikuwa na kovu kuanzia chini ya jicho la kushoto hadi shingoni, kovu la kukunjamana, lenye rangi mbili. Tulidhani atatafuta kazi nyingine. Wapi! Akarudi kwenye karai lilelile.

Nilipofaulu kwenda sekondari, ada, sare na nauli ya daladala vilitoka hapo hapo.

Na wateja nao, mnawajua watu wa Dar. Hawakuhangaika kujifunza jina lake. Ukiuliza samaki mzuri yuko wapi utaambiwa: "Nenda kwa mama mwenye kovu." Kovu likageuka kibao cha biashara. Mwenyewe alikuwa anacheka tu. "Mwanangu," aliwahi kuniambia, "wenzangu wanalipia matangazo, mimi langu nimebandikwa bure."

KAMATI YA PICHA

Siku hizi msiba una kamati kuliko harusi. Kuna kamati ya chakula, ya usafiri, ya kaburi, na kuna kamati ya picha na video. Mimi, kwa kuwa mtu wa magazeti, nikapewa hiyo ya mwisho. Kazi yangu ilikuwa kupata picha nzuri ya marehemu: moja ya kuweka kwenye fremu mbele ya jeneza, moja ya kuchapa kwenye fulana, na moja ya kurushwa kwenye skrini kubwa ya kanisani.

Nikaenda studio moja jirani na kwetu. Kijana wa pale akaifungua picha kwenye kompyuta, akamtazama shangazi, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Dada, tumsafishe?"

Jamani, sikufikiria hata sekunde mbili. Nikasema: "Msafishe, mdogo wangu. Mfanye awe mzuri."

Dakika tano tu. Kovu likaondoka kama chaki ubaoni. Mashavu yakapunguzwa, ngozi ikang'arishwa, mikunjo ya kucheka pembeni ya macho ikapigwa pasi. Nikalipa, nikashukuru, nikatoka na mwanamke mmoja mrembo ajabu ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona.

Siku ya mazishi, kina mama wa Feri walikodi daladala mbili. Wakashuka na kanga zao wakiwa wanalia. Mmoja wao akatangulia mpaka kwenye picha. Akasimama. Akatazama. Kilio kikakatika. Akarudi nyuma taratibu, akanishika mkono, akaninong'oneza:

"Mwanangu, samahani. Tumekosea msiba? Huyu wa kwenye picha ni nani?"

Nikamwambia ni mwenzenu. Akatikisa kichwa.

Lilipofunguliwa jeneza kwa heshima za mwisho, ndipo kilio kiliporudi. Kina mama wale walimwona, na kovu lake, wakajua wamefika mahali penyewe. Mwili ulisema kweli. Picha yangu ndiyo iliyodanganya, tena ikiwa imepambwa kwa maua.

Ningeweza kuishia hapo nikajiambia yamekwisha. Lakini shangazi ana binti, binamu yangu, anayefanya kazi za ndani huko Muscat, Oman. Hakuweza kuja. Alifuatilia mazishi kwa simu, moja kwa moja, akiwa amejifungia jikoni kwa mwajiri wake. Na mpiga video wetu, kwa heshima, hakuelekeza kamera ndani ya jeneza. Kwa hiyo mtoto huyu wa kike, katika saa tatu za ibada, kitu pekee alichoonyeshwa cha mama yake ni ile picha.

Usiku akanitumia ujumbe wa sauti. Sauti imekauka. "Dada, nimemtafuta mama kwenye ile picha. Sikumwona. Mbona hamkuniwekea mama yangu?"

Sikulala.

TOMASO NA MASHIMO YA MISUMARI

Mchungaji wetu siku ile alihubiri habari za Tomaso, yule mwanafunzi aliyekataa kusadiki mpaka aone alama za misumari. Sijui kama alichagua somo baada ya kuiona picha yangu. Lakini aliuliza swali ambalo halijanitoka kichwani hadi leo. Mungu aliyeweza kumtoa mtu kaburini, alishindwa nini kuziba matundu mawili ya mikononi na moja la ubavuni?

Fikiria, msomaji. Mwili wa ufufuo, mwili mpya, mwili usiokufa tena. Kama kuna siku ya kutoka umesafishwa, si ndiyo hiyo? Lakini Injili ya Yohana inasema Bwana alitokea na majeraha yake, akayaonyesha, akamwambia Tomaso alete mkono. Wanafunzi walimtambua kwa makovu, kama wateja wa Feri walivyomtambua shangazi.

Angekuja na uso wa studio, pengine wangemwambia: "Samahani, tumekosea chumba."

Mimi nimekulia kanisani. Kila Jumapili nakiri kwamba mwili utafufuka. Nakiri kwa mdomo, huku mkononi nina simu yenye kitufe cha kuremba sura. Simu nyingi zinazouzwa mjini leo zinakuja na kitufe hicho, na wengine hatujui hata kama kimewashwa. Unajipiga picha, unatokea na ngozi ya yai la kuchemsha, unadhani ndiye wewe. Kisha unakwenda kwenye kioo cha bafuni, unagombana nacho.

CHUPA YANGU CHINI YA KITANDA

Naomba niungame jambo lingine, maana leo ni siku ya kuungama.

Mwaka 2021 kwaya yetu ilirekodi video. Mwelekezaji akatupanga mistari mitatu. Wembamba na weupe mbele, wengine nyuma. Hakusema hivyo kwa mdomo, alisema tu "kamera inapenda sura fulani". Mimi nilipangwa mstari wa nyuma kabisa, karibu na kinanda. Tukaimba habari za upendo wa Mungu usiobagua, tukiwa tumepangwa kwa rangi kama vitambaa dukani.

Wiki ile ile nikanunua mkorogo. Chupa haina jina la kiwanda wala maelezo, nimeuziwa kwa kunong'onezwa, nikaificha chini ya kitanda. Shangazi akaiona siku amekuja kunitembelea. Hakunifokea. Aliuliza tu: "Hii inaunguza?" Nikasema kidogo. Akagusa shavu lake, akasema: "Mimi niliungua kwa bahati mbaya. Wewe mwanangu unanunua?"

Sikumsikiliza. Miezi michache baadaye ngozi ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara, jua kidogo nawaka moto, mashavuni madoa. Daktari wa ngozi akanieleza kilichomo kwenye vitu hivi. Steroidi kali huifanya ngozi ikonde. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta weusi wa kibluu usiotoka kirahisi, yaani unakimbia weusi unaupata wa aina mbaya zaidi. Zebaki ndiyo usiseme, inaingia mwilini na kuharibu figo. Serikali yetu ilishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini marufuku haiingii chini ya kitanda cha mtu.

SI KOSA LA WABONGO PEKE YAO

Msije mkadhani huu ni ugonjwa wa watoto wa mjini wa Dar. Kule Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, zamani mtu mnene ndiye aliyehesabiwa kuwa na afya na kutunzwa vizuri na ndugu zake. Mwaka 1995 televisheni ikaingia katika mkoa wa Nadroga. Mtafiti wa Marekani, Anne Becker, aliwapima wasichana wa shule mwaka ule ule televisheni ilipoingia, akarudi tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakupata hata msichana mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Baada ya miaka mitatu ya televisheni, asilimia 11 walisema wanafanya hivyo, na asilimia 74 walisema wamewahi kujiona wanene mno.

Na Wafiji asilia wengi ni Wakristo wa Kimethodisti, watu wa kuimba kanisani kuliko hata sisi. Kanisa lilikuwepo, kwaya ilikuwepo. Ila sebuleni kuliingia mhubiri mwingine, mhubiri asiyechoka, anayehubiri kila saa kwamba mwili ulionao haufai.

Hiyo ilikuwa televisheni moja ya kijiji. Sisi leo kila mmoja ana ya kwake mfukoni, na anaiamkia kabla ya kusali.

Wenzetu Ufaransa walistuka. Tangu Oktoba 2017, tangazo la biashara lenye picha ya mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa unene kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa. Norway nao wakaweka sheria ya namna hiyo, ikaanza kazi Julai 2022. Mimi ningekuwa huko, ile fremu ya shangazi ingehitaji maandishi makubwa chini yake.

YESU WA KALENDA

Na kanisa nalo lisijifanye halimo. Tembea barabara ya Mandela utazame mabango ya mikutano ya Injili. Mhubiri ana miaka 60, kwenye bango ana 25, hana hata tundu la kinyweleo.

Sebuleni kwa shangazi kulikuwa na kalenda yenye picha ya Yesu, ile ya nywele laini za kahawia na uso unaong'aa. Ilichorwa na Mmarekani, Warner Sallman, mwaka 1940, akifuata mchoro wake wa mkaa wa mwaka 1924. Inasemekana imechapwa zaidi ya mara milioni 500. Wengi tukifumba macho kusali, ndiyo inayotujia. Ni picha ya heshima, sina ugomvi nayo. Lakini ukiitazama vizuri, ni uso wa mtu ambaye hajawahi kupigwa na jua wala kushika msumeno. Yule wa Nazareti alikuwa fundi. Mafundi wa Gerezani pale mnawajua mikono yao ilivyo.

Imani yenyewe inasema Mungu alitwaa mwili. Mwili wenye jasho, wenye kuchoka, wenye kuhitaji kulala ndani ya mashua. Papa Yohane Paulo wa Pili aliliona jambo hili zito kiasi kwamba tangu Septemba 1979 hadi Novemba 1984 alilifundisha kwenye hotuba zake za Jumatano, mafundisho 129. Alisisitiza kwamba mwili ndio unaofanya yasiyoonekana yaonekane. Mimi si Mkatoliki, lakini hapo nimemwelewa. Upendo wa shangazi kwangu haukuonekana kwa macho. Kilichoonekana ni kovu.

"Mwili ni hekalu," watu wa mazoezi siku hizi wameliandika kwenye fulana. Aliyelisema kwanza ni Paulo, akiwaandikia Wakorintho. Korintho ulikuwa mji wa bandari, kama huu wetu: wachuuzi, mabaharia, masanamu ya miili isiyo na dosari, na michezo mikubwa ya wanariadha jirani tu, kila baada ya miaka miwili. Katika kanisa lile walikuwamo watumwa, watu ambao miili yao ilikuwa mali ya wengine. Hao nao waliambiwa kwamba mwili wao ni nyumba ya Roho wa Mungu. Hawakuambiwa wasubiri mpaka wapungue kilo. Hekalu ni mahali ambapo mtu anakaa. Dirisha la duka ni kitu kingine.

KUREMBA SI DHAMBI

Najua wapo watakaonipigia kelele: "Kwa hiyo sista unataka tutembee bila kupaka mafuta?" Hasha! Shangazi mwenyewe alikuwa mpenda urembo. Jumapili alijipaka mafuta ya nazi, akavaa kitenge chake cha mishono mikali, na kilemba alikifunga kwa upande ili kovu likae wazi, maana alisema likifunikwa linawasha. Kusuka, kupaka, kunukia, hayo ni shukrani. Mwaka 2007 Flaviana Matata alishinda Miss Universe Tanzania akiwa amenyoa kipara, akaenda Mexico akaingia kumi bora za dunia. Urembo una milango mingi.

Wala sisemi kila kovu ni baraka. Dada mwenye alama ya mkanda wa mumewe asiambiwe na mtu yeyote kwamba huo ni msalaba wake. Huyo anahitaji polisi, hospitali na ndugu wa kumpokea. Na mwenye kuungua anayeweza kupata upasuaji, aende. Yesu mwenyewe aliponya ngozi za watu.

Ninachosema ni kimoja. Kuna tofauti ya kuutunza mwili na kuufuta. Nilipomwambia yule kijana "mfanye awe mzuri", nilikuwa natamka kwamba shangazi yangu hakuwa mzuri. Nilikuwa naionea haya ada yangu mwenyewe.

SAMAKI WA ASUBUHI

Kuna sehemu nyingine ya Injili ya Yohana ninayoipenda tangu msiba ule. Baada ya kufufuka, Bwana anaonekana alfajiri ufukweni. Wanafunzi wanarudi na mashua. Wanamkuta amewasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate, anawaita waje kula.

Mungu mwenye makovu mikononi, alfajiri, kando ya maji, anawapikia samaki watu waliochoka! Wanazuoni wana maelezo yao. Mimi nikisoma hapo namwona mtu mmoja wa Feri.

Siku ya arobaini nilirudi studio. Kijana akadhani nimeleta kazi mpya. Nikamwomba anichapie picha nyingine, niliyompiga shangazi kwa simu pale sokoni: jasho linamtiririka, kijiko cha kukaangia mkononi, mdomo wazi anamcheka mteja, na kovu linang'aa kwa mafuta. Kijana akanyoosha mkono kwenye kipanya. Nikamwambia: "Mdogo wangu, hapo usiguse."

Akanitazama. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikaituma na Muscat. Saa nzima kimya, nikaogopa. Kisha simu ikalia. Maneno machache tu: "Ndiye huyu. Asante dada. Nimembandika juu ya kitanda changu."

Ile chupa niliimwaga chooni. Ngozi yangu bado ina madoa, naendelea na daktari, na kuna asubuhi bado nagombana na kioo. Sijawa mtakatifu. Lakini kile kitufe cha simu nimekizima, na kwenye kwaya nimewaomba viongozi kwamba tukirekodi tena tupangwe kwa sauti. Hawajanijibu.

Wewe nawe, msomaji wangu, leo ukifika nyumbani fungua picha za simu yako. Tafuta moja ya mama yako ambayo haijaguswa. Kama huna, mpige kesho asubuhi kabla hajajiandaa. Atakugombeza. Piga tu.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda. Mitindo ya nywele nitawaletea, msijali.